Namna ya Kujikinga na Ajali za Mapangoni Chini ya Maji: Mwongozo kwa Wazamiaji Wazoefu wa Tanga

Mwongozo huu nimewaandikia wazamiaji wa Tanga ambao kazi wanaijua: wanaopeleka wageni kwenye miamba ya Yambe na Maziwe wakiwa na mitungi ya hewa, wanaozamia kwa pumzi kutafuta pweza na kamba kochi upande wa Kigombe na Tongoni, na vijana waliokwisha kupata vyeti vya kina kirefu ambao sasa wanaulizana kuna nini ndani ya matundu na mapango waliyoyapita mlangoni kwa miaka mingi. Anayeanza kujifunza simlengi, kwa kuwa mwanafunzi akikatazwa kuingia pangoni huwa haingii. Anayeingia ni mzoefu, na huyo ndiye ninayemhofia.

Hofu hiyo ina msingi. Nchini Marekani, ambako mapango yaliyojaa maji ni mengi hasa katika jimbo la Florida, vifo vya wazamiaji wa mapangoni vilivyotokea kati ya mwaka 1985 na 2015 vilikusanywa na kuchambuliwa. Waliokufa walikuwa 161. Miongoni mwao 87 hawakuwa na mafunzo ya kuzamia mapangoni, lakini 67 walikuwa nayo. Katika miaka hiyo 30 vifo vilipungua kutoka karibu 8 kwa mwaka hadi chini ya 3, jambo la kushukuru, ila sehemu ya waliofunzwa miongoni mwa waliokufa iliongezeka maradufu. Vifaa vilikuwa bora kila mwaka, na bado ajali zilifuata mkondo uleule: tope linatibuka, mtu haoni, anapoteza njia, hewa inamwishia, anakufa maji. Kila ninachokieleza hapa chini kinalenga kuuzuia mfululizo huo usifike mwisho.

Bahari ya wazi na pango

Mzamiaji wa bahari ya wazi, hata awe hodari vipi, ana dawa moja ya kila tatizo, nayo ni kupanda juu. Kipumulio kikigoma anapanda; mwenzake asipoonekana anapanda; kichwa kikianza kumzunguka anapanda. Mwili umezoea hivyo kiasi kwamba miguu huanza kupiga kabla akili haijaamua. Pangoni, juu ni mwamba. Tatizo lolote halina budi kutatuliwa palepale lilipotokea, na baada ya hapo bado kuna safari nzima ya kutoka kwa njia uliyoingilia, kwa hewa iliyobaki, pengine katika giza. Mtu ambaye hajaung'oa mwilini mwake mwitikio huo wa kupanda hajawa tayari kuingia, na idadi ya mizamo aliyoifanya baharini haibadilishi hilo.

Kuna desturi nyingine ambazo bahari imetujengea na ambazo pangoni zinaua. Tumezoea kumaliza mzamo geji, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini, ikisoma bari 50. Tumezoea kupiga mapezi juu na chini kwa nguvu, jambo ambalo kwenye mchanga mzito wa mwambani halina madhara, lakini kwenye sakafu ya pango huinua tope laini kama unga ambalo huweza kuchukua saa nyingi kutulia. Na tumezoea kumfuata kiongozi, kila mtu akiamini kwamba aliye mbele ameangalia hewa, amekumbuka njia na amehesabu muda.

Kabla ya kufikiria pango lolote, fanya zoezi hili mchangani, kwenye kina cha mita 5, siku ambayo bahari imetulia. Funga kamba nyembamba kati ya mawe kadhaa kwa urefu wa mita 40 hivi, ukiipitisha kwenye kona mbili au tatu. Wewe na mwenzako mzibe miwani yenu kwa kitambaa, mmoja ampe mwenzake kipumulio cha akiba, kisha mfuate kamba kutoka mwanzo hadi mwisho mkiwa mmeshikana, bila kuiachia kamba na bila kugusa chini, huku mtu wa tatu mwenye macho akiwalinda. Wazamiaji wenye sifa kubwa hushindwa zoezi hili mara ya kwanza. Wengine huiachia kamba wanapobadilisha mkono. Wengine huanza kupumua haraka mara tu wasipoona. Wengine hupanda juu bila kujua kwamba wamepanda. Rudieni hadi liwe jambo la kawaida, kisha ndipo mtafute mwalimu wa kozi ya mapango, ambaye kwa hapa kwetu huenda mkalazimika kumfuata nje ya nchi. Gharama yake ni kubwa, lakini hakuna njia ya mkato inayostahili kuitwa salama.

Kuamua kama unaingia

Anayezamia kwa mtungi bila cheti cha mapango na akaingia chini ya dari yoyote ya mwamba anajiweka mahali ambapo mafunzo yake hayamfikii. Hata wenye mafunzo ya awali ya mapango hubaki katika eneo la mwanga, yaani pale ambapo mlango na nuru ya jua vinaonekana muda wote, na umbali wao kutoka uso wa maji, ukijumlisha kina na urefu wa kuingia, hauzidi takriban mita 60. Mwanga wa mlango ukipotea, iwe kwa kona, kwa tope au kwa wingu lililofunika jua, mzamo umekwisha. Haijalishi kwamba geji bado inasoma vizuri.

Mahali pembamba panahitaji uamuzi wa peke yake. Mwezi Februari 2014, katika pango la Plura nchini Norwe, mzamiaji mmoja kutoka Finland alinaswa mahali pembamba kwenye kina kinachozidi mita 100 akafa. Wenzake wa kundi la pili walipofika walikuta mwili umeziba njia, na mmoja wao naye akafa hapohapo. Wote walikuwa wazamiaji wa kiwango cha juu. Kwa hiyo unapofika mahali ambapo watu wawili hawawezi kupita bega kwa bega, usijiulize tu kama wewe utapita. Jiulize nini kitampata aliye nyuma yako ikiwa wewe hutapita.

Kwa anayezamia kwa pumzi jibu langu ni fupi: kichwa na mabega visiingie chini ya dari. Pweza akirudi ndani ya tundu, na kamba kochi akijificha nyuma ya mwamba unaoning'inia, mkono na mkuki vifike vinapofika, na kama havifiki, mwache. Kinachomhimiza mtu kupumua si kupungua kwa oksijeni, bali ni kuongezeka kwa hewa ukaa mwilini. Mzamiaji anayevuta pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzama huipunguza hewa ukaa bila kuongeza oksijeni ya maana, na matokeo yake ni kwamba anajisikia yuko sawa hadi dakika anapozimia, bila onyo. Kwenye maji ya wazi, mwenzake aliye juu anaweza kumdaka. Ndani ya tundu hakuna wa kumdaka, na mkanda wa risasi unaomsaidia kuzama, nyavu ya kiunoni au kamba ya mkuki ikinasa kwenye jiwe, sekunde chache zinazopotea kuinasua ndizo alizozihitaji kufika juu. Zamieni wawili wawili, mmoja chini na mmoja juu akitazama, na anayepanda atazamwe hadi avute pumzi kadhaa akiwa juu, kwa sababu wengi huzimia karibu na uso wa maji au mara tu baada ya kufika.

Hesabu ya hewa

Kanuni inayojulikana ni ya theluthi: theluthi moja ya hewa kwa kuingia, theluthi moja kwa kutoka, na theluthi moja isiguswe ila kwa dharura. Wazoefu wengi huitaja kwa moyo lakini hawajawahi kukaa chini wakaihesabu, na wakiihesabu watagundua kwamba ni kiwango cha chini kabisa ambacho mara nyingi hakitoshi.

Tuchukue mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 210. Ndani yake mna hewa ya lita 2,520 kwa kipimo cha juu ya maji. Theluthi yake ni lita 840, yaani bari 70, kwa hiyo geji ikisoma 140 unageuka. Mtu aliyetulia hutumia karibu lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye kina cha mita 20 mgandamizo ni mara 3, anatumia lita 60 kwa dakika, na theluthi hiyo inamtosha dakika 14. Sasa tuseme dakika hiyo ya 14, mahali pa mbali kuliko pote, mpira wa hewa wa mwenzako unapasuka na hewa yake yote inapotea. Wewe unazo lita 1,680. Wawili mkipumua kwa utulivu mnatumia lita 120 kwa dakika, na hewa itadumu dakika 14, muda uleule wa kutoka, bila hata dakika moja ya ziada. Lakini nani hupumua kwa utulivu katika hali hiyo? Kila mmoja akipumua mara mbili ya kawaida, hewa inakwisha dakika ya 7, mkiwa katikati ya njia.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa moja ya sita badala ya theluthi. Unageuka geji ikisoma 175, baada ya dakika 7 tu. Zimebaki lita 2,100, na wawili wenye hofu, wakitumia lita 240 kwa dakika, wana dakika 8 na zaidi kidogo kwa njia ya dakika 7. Wamefika. Huu ni mfano wa mtungi mmoja kwa ajili ya kurahisisha hesabu; ndani ya pango kila mtu abebe vyanzo viwili vya hewa vinavyojitegemea, kila kimoja na kipumulio chake na geji yake, na mmoja wa mipira uwe mrefu, takriban mita 2, ili wawili waweze kugawana hewa wakiwa wamefuatana mmoja nyuma ya mwingine mahali pembamba. Mgeuko upangwe kwa yule mwenye hewa kidogo au anayetumia hewa nyingi zaidi, na neno lake la kugeuka lisijadiliwe wala lisiulizwe sababu.

Theluthi huvunjika kabisa pale ambapo mkondo unakusukuma ndani, kwa kuwa kutoka kutachukua muda mrefu kuliko kuingia. Kwa bahari yetu jambo hili si la nadharia, na nitalirudia nikifika kwenye maji kujaa na kupwa.

Kamba, taa na tope

Kamba ya mwongozo ianzie nje, kwenye maji ya wazi, ambapo ukishika ncha yake unaweza kupanda moja kwa moja. Ifungwe mara ya kwanza hapo, ifungwe mara ya pili ndani kidogo ya mlango, kisha iendelee bila kukatika hadi unapogeukia. Isiachwe ikalegea, isipitishwe kwenye mpasuko ambao kidole kinapita lakini mwili haupiti, kwa sababu gizani utaifuata kwa mkono na itakupeleka mahali ambapo huwezi kufuata. Kila baada ya umbali fulani, na kila njia inapogawanyika, weka alama ya mshale inayoelekea nje, yenye umbo ambalo vidole vinaweza kulisoma bila macho. Taa ziwe tatu kwa kila mtu, moja kubwa na mbili za akiba, zote zikiwa zimejaribiwa siku hiyohiyo, na moja ikizimika safari ya kutoka ianze.

Mwezi Aprili 2017, katika kisiwa cha Mallorca, mwalimu mmoja wa jiolojia aliyekuwa mzoefu wa mapango ya kisiwa hicho alipoteza kamba pamoja na mwenzake wakati maji yamechafuka. Hewa haikuwatosha wote wawili kutoka. Walikubaliana mwenzake atoke akatafute msaada, naye akabaki kwenye mfuko wa hewa juu ya maji ndani ya pango, gizani, kwa karibu saa 60 hadi alipookolewa. Alipona kwa sababu mfuko ule ulikuwapo na kwa sababu alibaki alipo. Mapango mengi hayana mfuko wa hewa, na hata ulipo, hewa yake huweza kuwa na hewa ukaa nyingi ya kumlevya mtu.

Ukijikuta huoni, jambo la kwanza ni kusimama. Mkono ulioko karibu na kamba uifunge kwa kidole gumba na cha shahada, kama pete, bila kuivuta. Usiwashe taa usoni mwa mwenzako, kwa sababu mwanga kwenye tope hurudi machoni tu. Mtafute kwa kugusa, mshike mkono juu ya kiwiko, na mtoke kwa ishara mlizokubaliana mkiwa juu: kusukuma ni kwenda, kuminya ni kusimama, na kadhalika. Ikiwa kamba umeipoteza, usiogelee kuitafuta. Shika jiwe au sehemu yoyote imara, funga hapo kamba ya akiba uliyoibeba mfukoni, kisha tafuta ukiwa umeunganishwa nayo, kwanza upande unaodhani kamba ipo, na usipoipata rudi kwenye jiwe lako uanze upande mwingine. Kazi hii inakula hewa, na hapo ndipo utakapojua kwa nini moja ya sita ni bora kuliko theluthi.

Kina, na kishawishi cha silikanti

Tangu mwaka 2003 majarife ya wavuvi wetu yamekuwa yakipandisha silikanti, samaki ambaye ulimwengu ulidhani alitoweka mamilioni ya miaka iliyopita, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Samaki huyu mchana hukaa katika mapango na nyufa za miteremko mirefu, mara nyingi zaidi ya mita 100 chini. Nimesikia vijana wakisema kwamba siku moja watashuka kumwona. Hawa naomba wasome kilichotokea Sodwana Bay, Afrika Kusini, mwezi Novemba 2000. Kundi la wazamiaji wenye mafunzo ya kina kirefu walishuka zaidi ya mita 100 wakampata na wakampiga picha. Katika kupanda, mmoja alizimia, na mwenzake Dennis Harding akamleta juu haraka kuliko mwili unavyostahimili. Aliyezimia alipona. Harding alikufa.

Kina kinadhuru kwa njia tatu kwa pamoja. Kuanzia mita 30 hivi naitrojeni huanza kulevya, na aliyelewa hajijui. Oksijeni iliyomo katika hewa ya kawaida huanza kuwa sumu karibu na mita 56, na katika mtungi wenye oksijeni ya asilimia 32 huanza karibu na mita 33, kwa hiyo kila mtungi upimwe kwa kipima oksijeni na mwenye kuutumia mwenyewe, na kina cha mwisho kiandikwe juu yake kwa herufi kubwa. Wapo mabingwa waliokufa kwa kuweka mdomoni kipumulio cha mtungi usio sahihi. La tatu ndilo husahaulika zaidi. Hewa kwenye mita 40 ni nzito mara 5 kuliko ya juu, na mapafu yanapata taabu kuisukuma, kwa hiyo hewa ukaa inabaki mwilini. Mtu anaanza kuhema, anahisi hewa haimtoshi ilhali mtungi umejaa, anahema zaidi na hali inazidi kuwa mbaya.

Hivyo ndivyo alivyokufa Dave Shaw tarehe 8 Januari 2005 katika shimo la Boesmansgat, Afrika Kusini. Alikuwa ameshuka karibu mita 270 akitumia mashine inayosafisha hewa ileile na kuirudisha mdomoni, ili kuutoa mwili wa kijana Deon Dreyer aliyefia humo mwaka 1994. Waya wa taa yake ulinaswa kwenye kamba, akafanya kazi ya nguvu kujinasua, hewa ukaa ikamzidi. Ukihisi unahema chini ya maji, acha kila unachokifanya, shika mwamba, toa pumzi ndefu polepole mara kadhaa, na ukitulia geuka. Kazi uliyoijia haimaliziki siku hiyo.

Silikanti anaweza kuonekana kwa chombo chenye kamera kinachoongozwa kutoka kwenye boti, na wataalamu wamekwisha kumrekodi hivyo katika maji yetu. Sioni sababu ya mtu kumfuata kwa mwili wake.

Bamvua, maji mafu na masika

Nahodha wa Tanga hahitaji kufundishwa kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kinachosahaulika ni kwamba tundu la mwambani lenye milango miwili hugeuka mfereji. Maji yakijaa huvuta upande mmoja, yakipwa huvuta upande wa pili, na mahali ambapo ulipita kwa urahisi ukiingia panaweza kukukataa baada ya nusu saa. Kama ni lazima kuchungulia sehemu yenye dari, chagua siku za maji mafu, ingia maji yakiwa yamesimama, na uwe umetoka kabla hayajaanza kwenda. Wakati wa kusi, mawimbi yanayopiga mwamba huvuta na kusukuma ndani ya tundu hata kama juu kunaonekana kutulia, usikaribie.

Mapango ya nchi kavu yana hatari ya mvua. Tham Luang, Thailand, mwaka 2018, mvua kubwa iliwafungia pangoni watoto 12 na kocha wao. Saman Kunan, mwanamaji wa zamani wa kikosi maalumu, alikufa tarehe 6 Julai baada ya kuishiwa hewa akirudi kutoka kupeleka mitungi. Kwetu, mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji, kwenye mawe ya chokaa karibu na Mto Mkulumuzi, na simulizi za njia zake zinazofika hadi Mombasa zimewasisimua wengi tangu zamani. Simulizi zibaki simulizi. Popote utakapokuta, Amboni au kwingineko, dari inakutana na maji, hapo ndipo mwisho wa safari yako, na wakati wa masika hata njia kavu isikushawishi bila mwongoza wageni wa mahali hapo.

Mazoea

Nimeyaweka mwishoni mambo ya moyoni, ingawa ndiyo yanayowaua wazoefu kuliko kina na tope. Mtu anaingia mara ya kwanza bila kamba, anatoka salama. Mara ya pili anageuka geji ikisoma 120 badala ya 140, anatoka salama. Kila mara anayotoka salama anahesabu kwamba kanuni ilikuwa kali kupita kiasi, kumbe alichopata ni bahati, na bahati haikumfundisha chochote kuhusu siku ambayo mpira utapasuka. Mfano mzito kuliko yote ni wa Sheck Exley wa Florida. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndiye aliyezichambua ajali na kutoa kanuni ambazo wazamiaji wa mapango wanazifuata hadi leo: kamba isiyokatika, akiba ya hewa, na kina kisichozidi kiasi. Tarehe 6 Aprili 1994 alikufa katika shimo la Zacatón, Mexico, akijaribu kuvuka mita 300. Hakuna aliyezijua kanuni hizo kumzidi.

Kwa hiyo weka uamuzi mikononi mwa karatasi. Kabla ya mzamo andika geji ya kugeukia, muda wa kugeuka, kina cha mwisho na saa ambayo ikifika kabla hujaonekana, boti itaita msaada. Nakala moja ibaki kwa nahodha. Ukirudi, andika ulichokivunja, hata kama hakikuleta madhara, na umsomee mwenzako. Na yeyote kati yenu, awe mdogo kwa umri au mgeni katika kundi, ana haki ya kuusimamisha mzamo wakati wowote, ukiwamo wakati mmeshavaa na mgeni ameshalipa.

Ajali ikitokea

Aliyetoka majini akiwa na ganzi, maumivu ya viungo, kizunguzungu, udhaifu wa mguu au mkono, au uchovu usio wa kawaida, alazwe chali na apewe oksijeni tupu mara moja, isisubiriwe daktari. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, apewe maji kidogokidogo. Asirudishwe majini kwa nia ya kumtibu. Apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, na wahudumu waambiwe waziwazi kwamba alikuwa amezamia, kina gani na kwa muda gani. Namba ya chumba cha mgandamizo, kinachotibu waliodhurika kwa kuzamia, kilicho karibu itafutwe na kuhakikishwa kabla ya safari, kwa simu, na wala si kwa kusikia kwamba kipo. Ikibidi asafirishwe kwa ndege, rubani aombwe asipande zaidi ya mita 300, kwa kuwa mgandamizo ukipungua huko juu hali ya mgonjwa huzidi. Kwa sababu hiyohiyo, mzamiaji mzima asipande Lushoto jioni ya siku aliyozamia. Mji ule uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na mwili unapaswa kupumzika usiku kucha kwanza, na saa 24 kamili kama mzamo ulikuwa wa kina kirefu.

Ikiwa mwenzenu hajatoka, pigeni simu 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na nahodha aweke boya mlangoni. Anayeingia kumtafuta awe na hewa kamili, kamba yake mwenyewe na mafunzo, na kama hayupo mwenye sifa hizo, asiingie mtu. Hili ni gumu kulisema mbele ya ndugu na jamaa waliosimama ufukweni, na lazima aliyepewa jukumu la kulisema ateuliwe kabla boti haijaondoka. Vifaa vya aliyepata ajali visioshwe, visifunguliwe wala kugawanywa. Andikeni geji inasoma ngapi, vali imefunguliwa au imefungwa, taa ipi inawaka, kisha vikabidhiwe kwa wachunguzi jinsi vilivyo.